Niambie Umeona Nini

Ukimwonyesha Mswahili picha uliyopiga, jibu lake unaweza kulibashiri kabla hujaitoa simu mfukoni. "Safi sana." "Umeua." "Picha kali hiyo!" Kisha simu inarudi mkononi mwako na mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Hakuna ubaya wowote hapo, ni ukarimu wetu tu. Lakini mtu anayejifunza kupiga picha akilishwa "safi sana" mwaka mzima, Desemba atakuwa anapiga picha zilezile za Januari, na hatajua kwa nini hazimridhishi.

Mimi kazi yangu ni eksirei. Kutwa nawaambia watu wavute pumzi, washikilie, waachie. Jumamosi ndiyo nashika kamera ya kawaida, ile inayoona nyuso badala ya mbavu. Tuko watu wachache hapa Dar es Salaam tunaopiga picha kwa mapenzi tu, bila malipo: mzee mstaafu wa reli, dada anayefanya kazi benki, mwalimu wa hesabu, kijana wa bodaboda mwenye simu iliyopasuka kioo, na wengine wanaokuja na kupotea. Tunakutana kwenye mgahawa jirani na Mnazi Mmoja, tunaagiza chai na maandazi, na kila mmoja anaweka picha yake mezani. Pale wananiita Mama Eksirei. Jina lilianza kama utani, lakini naliona limenikaa sawasawa, kwa kuwa namna yangu ya kutazama picha za wenzangu nimeitoa kazini.

Kazini picha haipewi hongera. Picha ya kifua ikitoka, naikagua kabla mgonjwa hajavaa shati. Ncha za mapafu zimeingia kule juu? Pembe za chini hazijakatwa? Mitulinga iko umbali sawa kutoka kwenye uti wa mgongo, au mgonjwa aligeuka kidogo? Mabega yalisogezwa mbele ili mifupa yake isifunike mapafu? Nikiona kasoro inayomzuia daktari kuona anachokitafuta, narudia. Isipomzuia, naiacha ilivyo, maana kila kurudia ni mionzi mingine mwilini mwa mgonjwa. Si kila kasoro inastahili kusemwa.

Baada yangu anakuja daktari wa radiolojia, na ripoti yake ina mpangilio usiobadilika. Kwanza anaandika alichokiona: moyo una ukubwa gani, mapafu yakoje, mifupa ikoje. Mwishoni, katika mistari miwili mitatu, ndipo anaposema anadhani ni nini. Daktari mwenye haraka anayerukia mistari ya mwisho ndiye anayekosea. Sisi wapiga picha wa Jumamosi tuna tabia hiyohiyo ya kurukia hukumu. Tunasema nzuri au mbaya kabla hatujasema kuna nini ndani yake.

Nitoe mfano. Kijana wetu wa bodaboda alileta picha ya mnada wa samaki pale Feri, alfajiri, taa za soko bado zinawaka. Upande wa kushoto dalali kafungua mdomo, mkono ameunyoosha kuelekea katikati, jodari wamelala sakafuni mbele yake. Nyuma yake kuna nguzo ya paa, na kwa alivyosimama mpigaji, nguzo ile inachomoza utosini kwa dalali. Mwalimu wa hesabu aliiona mara moja, na mdomo wake ulikwishafunguka. Lakini mezani kwetu kuna utaratibu: mzunguko wa kwanza kila mtu anasema tu macho yake yalianzia wapi na yakaenda wapi, bila neno la kusifia wala la kukosoa.

Mzee wa reli alianza kwa samaki, akafuata mkono wa dalali. Dada wa benki hakukaa kwa dalali hata kidogo. Macho yake yalikwenda kulia, kwa mwanamke mmoja mwenye ndoo ya plastiki miguuni, ameinama anahesabu noti, hana habari na kelele za mnada. "Huyu anajua tayari atanunua kwa bei gani," alisema. Kijana akachukua simu yake, akaisogeza karibu na macho. Wakati anapiga hakuwa amemwona mwanamke huyo.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Tuna vipande viwili vya kadibodi, tulivyokata kwenye boksi la biskuti kwa umbo la herufi L, na ukivikutanisha juu ya picha unapata fremu unayoweza kuipanua na kuibana upendavyo. Tulibana kutoka kushoto. Dalali akatoka, ukabaki mkono wake tu ukiingia kwenye picha kama amri, na mwanamke akabaki na noti zake. Nguzo nayo ikatoka. Mwalimu alifunga mdomo. Kasoro aliyotaka kuitaja ilikuwa ya kweli kabisa, lakini kama angeisema kwanza, tungetumia nusu saa kujadili nguzo, na kijana angerudi nyumbani akijua kwamba amekosea, bila kujua kwamba amempata mwanamke yule.

Utaratibu huu hatukuuvumbua. Mwaka 1990 Mmarekani Liz Lerman, ambaye ni mtunzi wa ngoma za jukwaani, aliandaa njia ya watu kutoleana maoni kuhusu kazi za sanaa ambazo bado hazijakamilika, na tangu hapo imesambaa kwenye uandishi, muziki na vyuo. Ina hatua nne. Kwanza watazamaji wanasema kitu gani kimewagusa au kimebaki nao. Pili msanii mwenyewe anauliza anachotaka kujua. Tatu watazamaji wanamuuliza maswali yasiyo na hukumu ndani yake. Nne, na hapa ndipo nilipompenda mama huyu, mwenye maoni anaomba ruhusa: "Nina maoni kuhusu mwanga, ungependa kuyasikia?" Msanii anaweza kusema hapana, na hapana yake inaheshimiwa.

Mswahili akisikia kuomba ruhusa hatashangaa. Tunabisha hodi hata mlango ukiwa wazi.

Hatua ngumu ni ile ya tatu. Watu hudhani wanauliza kumbe wanashambulia. "Kwa nini umeipiga ikiwa na giza hivi?" hilo si swali, ni kofi lililovaa kanzu ya swali. Swali la kweli ni lile ambalo hujui jibu lake na uko tayari kushangazwa nalo: ulisimama wapi? Ulikuwa unamtazama nani? Giza hili ulilitaka?

Hilo la giza linastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ndilo linalotugombanisha kuliko yote. Kijana yuleyule aliwahi kuleta picha ya watoto wakikimbilia majini Coco Beach jua likichomoza baharini. Bahari inameremeta, watoto weusi tii, hakuna uso hata mmoja unaotambulika. Mmoja wetu akasema mwanga umepungua, nyuso hazionekani. Kweli hazionekani. Lakini kuna picha ya Martin Munkácsi, mpiga picha wa Hungaria, ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, ya wavulana watatu wa Kiafrika waliopigwa kwa nyuma wakiingia mbio kwenye mawimbi. Miili yao ni vivuli vitupu juu ya povu jeupe. Imezoeleka kuitwa ya Ziwa Tanganyika, ingawa wengine wanaitaja kuwa ya Liberia. Kijana wa Kifaransa aliyeitwa Henri Cartier-Bresson aliiona ikiwa imechapishwa, na mwaka 1932 alinunua kamera ya Leica iliyomfanya kuwa mmoja wa wapiga picha wakubwa wa karne ile. Uzeeni bado alikuwa akiieleza picha ile, na maelezo yake hayakuwa sifa tupu. Alisema ilimwonyesha kwamba kamera inaweza kuufikia umilele kupitia nukta moja ya wakati. Huyo alikuwa mtazamaji anayeeleza picha ilimfanya nini. Na nyuso hazikuonekana.

Sasa chukua picha ya pili. Dada wa benki alipiga harusi ya binamu yake: bibi harusi mwenye ngozi nyeusi nzuri, shela jeupe, ukuta mweupe nyuma. Uso umetoka giza, macho hayasomeki. Aliona haya kuiweka mezani, akidhani mkono wake ndio wenye tatizo. Hapa giza halikutakiwa na mtu, na mkosaji wa kwanza ni kifaa. Kamera ikiachwa ijiamulie, hukisia mwanga kwa kutazama fremu nzima, na ikikuta weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Anayelipia ni mwenye ngozi nyeusi. Jambo hili lina historia yake. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha za rangi zilipanga mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zikiitwa kadi za Shirley, na ni katika miaka ya 1990 ndipo zilipotoka kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Wazazi wetu waliotoka kwenye albamu wakiwa meno na macho tu hawakupigwa na watu wasiojua kazi.

Kumwambia dada yule "uso umefifia" kusingemsaidia, kwani alikwishaliona. Alichohitaji ni kitu cha kufanya kesho: gusa uso kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga pale, kisha pandisha mwanga kwa kidole, na shela likipoteza nakshi kidogo si kitu, uso ndio harusi. Au mtoe kwenye ukuta mweupe, msimamishe mlangoni, nyumba ikiwa na giza nyuma yake na mwanga wa nje ukimjia usoni. Alijaribu siku ileile kwa mhudumu wa mgahawa, mlangoni, na mhudumu akaomba atumiwe.

Giza moja, picha mbili, maoni mawili yanayopingana, na yote sahihi. Ndiyo maana mtu asiyeuliza mpigaji alikusudia nini hana haki ya kusema kitu kuhusu mwanga. Naamini hivyo hata kama nitaonekana mkali.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havitufundishi: umri. Mzee wa reli ana miaka zaidi ya sabini. Binti wa chuo aliyejiunga juzi hawezi kumwambia "picha yako imepinda", na mimi sitaki ajifunze kumwambia hivyo. Mzee alikuwa ameleta picha ya TAZARA, reli yenye kilomita 1,860 kutoka hapa hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, aliyoitumikia ujana wake wote. Vichwa vya abiria vimetokeza madirishani, mabehewa yanakata kona porini, na upeo wa macho umeinama kidogo kulia. Binti alimsalimia upya, shikamoo, ingawa walikwishasalimiana mlangoni. "Marahaba," akajibu mzee. "Babu, naomba kuuliza. Hapa ulikuwa umesimama, au umening'inia?"

Mzee akacheka mpaka chai ikamwagika. Alikuwa ameningʼinia dirishani, treni ikilala kwenye kona, na yeye akilala nayo. Mpindo ule ulikuwa mwili wake. Meza ikagawanyika hapo hapo, wengine wakitaka upeo unyooshwe, wengine wakisema ukinyooshwa treni inasimama. Aliyemaliza ubishi ni binti. "Basi babu, ungeinamisha zaidi. Ilivyo sasa mtu atadhani ni bahati mbaya."

Sijasikia maoni bora kuliko hayo mezani kwetu. Heshima haikumzuia kusema. Ilimpitisha kwenye swali kwanza, na swali likamletea habari ambayo sote hatukuwa nayo. Wanaosema heshima yetu inaua ukweli nadhani hawajawahi kumsikia mjukuu mwerevu akizungumza na babu yake.

Wengine mezani hujificha nyuma ya kanuni. Maarufu kuliko zote ni ile ya theluthi, kwamba uigawe picha mara tatu kwa wima na kwa ulalo na uweke kitu muhimu penye makutano ya mistari. Simu nyingi zina mistari hiyo kwenye kioo. Ni msaada mzuri kwa anayeanza, lakini ifahamike imetoka wapi: Mwingereza John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797 akizungumzia michoro ya mandhari ya mashambani, miaka 42 kabla ya upigaji picha kutangazwa rasmi Paris. Mtu akiniambia "hujafuata theluthi" namuuliza: na wewe ulipoitazama, ulikwama wapi? Mara nyingi hakukwama popote.

Ushauri wa jua nao uwe wa hapa kwetu. Vitabu vilivyoandikwa London vinasema saa ya mwanga wa dhahabu. Dar es Salaam jua huzama karibu wima, na dhahabu hiyo hupita upesi, ukichelewa kwenye foleni ya daraja la Selander umeikosa. Mwanzoni mwa Machi na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba jua la saa sita mchana husimama juu ya utosi kabisa, na macho ya kila mtu huwa mashimo mawili ya kivuli. Kumwambia mwenzako "ungesubiri mwanga mzuri" wakati yeye anatoka kazini saa kumi na mbili jioni ni kumwambia aache kazi. Mwambie atafute kivuli cha baraza, au ukuta wa upande wa pili wa barabara unaorudisha mwanga.

Na picha isiyo na kitu? Zipo. Umezunguka mezani, kila mtu ametafuta cha kusema, hakuna. Hapo usidanganye, na usimalize kikatili. Mwambie: nionyeshe uliyopiga kabla ya hii na uliyopiga baada yake. Enzi za filamu wahariri wa picha walisoma karatasi yenye fremu zote za mkanda mzima, wakaona mpigaji alivyolizunguka jambo mpaka akalipata au akaliacha. Simu yako ina karatasi hiyo tayari. Mara nyingi picha yenyewe imekaa fremu mbili kabla, na mwenyewe aliiruka kwa sababu mtu mmoja alifumba macho.

Mahali pamoja siombi ruhusa ya kutoa maoni. Mgeni mmoja alileta picha ya mama amelala kibarazani Posta na mtoto kifuani, uso wazi, imepigwa kwa karibu sana. Ufundi wake ulikuwa wa juu. Nilimuuliza kama yule mama alijua. Hakujua. Sikuongea tena kuhusu mwanga. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilitunga yake ya taarifa binafsi mwaka 2022, na picha inayomtambulisha mtu si jambo nje ya sheria hizo, lakini hata bila bunge mtu anajua kama angependa mama yake apigwe hivyo. Wenzangu wengine waliona nimekuwa mkali kwa mgeni. Sijabadilisha msimamo.

Anayepokea maoni naye ana kazi yake, na ni moja tu: anyamaze kwanza. Picha ikihitaji wakili, haijasema. Dada wa benki huandika anayoambiwa kwenye daftari dogo bila kujibu, kisha mwezi unaofuata anakuja na picha mpya, ambayo ndiyo majibu yake. Kijana wa bodaboda hubishana, halafu anakwenda kufanya hivyohivyo alivyoambiwa. Njia zote mbili zinafaa.

Dokezo dogo la kiufundi kabla sijasahau: mkitumiana picha kwa WhatsApp, zitumeni kama faili la waraka, si kama picha ya kawaida, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na kupoteza maelezo mengi njiani. Nimewahi kusikia mtu akilaumiwa kwa ukungu ambao haukuwa wake.

Mohamed Amin, ambaye filamu yake ya njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 iliitikisa dunia, alikulia hapahapa Dar es Salaam na alianza akiwa mwanafunzi na kamera rahisi ya Box Brownie. Naye wakati huo alikuwa mtoto mwenye kamera, anayehitaji mtu wa kumtazamia picha zake. Watoto wa namna hiyo wapo mtaani kwako leo, na simu zao ni bora kuliko Brownie. Ukiwapata wenzako watatu, mnatosha kuanza. Kila mtu alete picha moja, si kumi, na wa kwanza kusema aseme ameona nini.